Mbinu Tatu za Kupasha Sakafu kwa Maji Moto Katika Nyumba Moja: Tathmini Baada ya Misimu Miwili ya Baridi

Nyumba yetu iko katika kijiji kidogo karibu na Kassel, katikati ya Ujerumani. Sehemu yake ya zamani ilijengwa mwaka 1934, na mwaka 1978 pakaongezwa upande wa nyuma jiko, chumba cha kulia chakula na korido fupi. Tulipoinunua, ilipashwa moto na boila ya mafuta iliyokaa chini ya ardhi, ikisukuma maji ya nyuzi 60 na zaidi hadi kwenye radieta nzito za chuma zilizopangwa chini ya madirisha. Boila hiyo tuliiondoa na mahali pake tukaweka pampu ya joto, ambayo huchukua joto kutoka hewa ya nje na kulitia kwenye maji. Uamuzi huo ndio uliotulazimisha kufikiria upya sakafu, kwa sababu pampu ya joto hufanya kazi kwa raha pale tu inapotakiwa kutoa maji ya vuguvugu, na ili maji ya vuguvugu yaweze kupasha chumba kizima lazima yapewe uso mpana wa kutolea joto lake. Uso mpana kuliko wote ndani ya chumba, na usiozibwa na makabati wala mapazia, ni sakafu.

Kwa kuwa nyumba ina sakafu za aina tatu tofauti, tulijikuta tumetumia mbinu tatu tofauti: tabaka jipya la saruji sebuleni, mifereji iliyochimbwa ndani ya saruji ya zamani kule jikoni, na mfumo mkavu wa bodi katika vyumba vya juu. Zote tatu zinalishwa na pampu moja, chini ya paa moja, katika hali ya hewa ileile, na sasa zimepita majira mawili ya baridi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaonunua nyumba kuukuu katika nchi za baridi, kwani kila anayenipigia simu kuhusu jambo hili huanza kwa kuuliza ni bomba la kampuni gani alinunue. Bomba ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni sakafu uliyonayo sasa: ina kina gani, inaweza kubeba uzito gani, na chini yake kuna nini.

Nianze na sebule, ambako kazi ilikuwa kubwa zaidi na ambako nimejifunza mengi zaidi. Mbao za zamani zilikuwa zimelazwa juu ya magogo membamba, na katikati ya magogo hayo pakajazwa majivu ya tanuri, juu ya zege la dari ya chumba cha chini. Tulipoondoa vyote tulipata kina cha sentimita 12, na kina hicho ndicho kilichoamua kila kitu kilichofuata. Sentimita 4 zilichukuliwa na bodi za povu za kuzuia joto lisipotee kwenda chini, juu yake yakalazwa mabomba ya milimita 16, kisha likamwagwa tabaka la saruji, ambalo Wajerumani huliita Estrich, lenye unene wa sentimita 6.5, na zilizobaki zikawa za gundi na vigae. Tabaka kama hilo lina uzito wa takriban kilo 130 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo hatukuthubutu kuanza kabla mhandisi wa majengo hajalikagua zege la chini na kuthibitisha kwa maandishi kwamba litahimili. Mtu mwenye sakafu ya boriti za mbao asijaribu mbinu hii kwa kukisia.

Kampuni ya kwanza tuliyoiita, ambayo sitaitaja jina, ilileta bei ya kila mita ya mraba siku ileile, ikiwa na nafasi ya sentimita 20 kati ya bomba na bomba katika nyumba nzima, bila ya fundi wao kupima dirisha hata moja. Nilipouliza hesabu ya upotevu wa joto iko wapi, nikajibiwa kwamba sakafu hupasha tu, haihitaji hesabu. Tuliachana nao. Kampuni ya pili ilifanya hesabu ya chumba baada ya chumba kwa kufuata kanuni ya DIN EN 12831, ikizingatia kuta, madirisha, dari na hewa inayopenya, na hapo ndipo tulipojua kwamba sebule yetu ya mita za mraba 24 hupoteza wati 1,400 katika usiku wa baridi kali. Ukigawa, unapata wati 58 kwa kila mita ya mraba.

Tarakimu hiyo moja hufungua mlango wa mambo mengi. Kila nyuzi moja ambayo uso wa sakafu unaizidi hewa ya chumba hutoa takriban wati 10 hadi 11 kwa mita ya mraba, kwa hiyo wati 58 zinahitaji sakafu iwe na joto la nyuzi 25.5 hivi, ikiwa chumba chenyewe kina nyuzi 20. Sakafu ya nyuzi 25.5 haiunguzi wala haichoshi miguu. Jirani yetu mzee alituonya kwa nia njema kwamba joto la sakafuni huvimbisha miguu, na onyo lake lina asili yake: katika miaka ya 1970 mfumo huu uliwekwa katika nyumba zisizo na kinga ya joto, na sakafu ikalazimika kuwa moto mno ili chumba kipate joto. Siku hizi kanuni ya EN 1264 inaweka mpaka wa nyuzi 29 mahali watu wanapokaa, nyuzi 33 bafuni, na nyuzi 35 kwenye ukanda mwembamba wa pembeni mwa kuta za nje. Chumba ambacho hesabu yake inadai sakafu yenye joto kupita mipaka hiyo kinahitaji madirisha mapya au kinga ya ukuta kabla hakijahitaji mabomba.

Sebuleni tulichagua nafasi ya sentimita 15. Hiyo ina maana ya karibu mita 160 za bomba, zilizogawanywa katika mizunguko miwili ya mita 80, kwa kuwa mzunguko mmoja mrefu ungeifanya pampu isukume kwa nguvu nyingi bila faida. Mabomba yalizungushwa kwa mtindo wa konokono, bomba linaloingia na bomba linalorudi yakienda ubavu kwa ubavu, ili upande mmoja wa chumba usiwe moto na mwingine baridi. Bomba lenyewe ni la plastiki ya poliethilini iliyoimarishwa, lenye tabaka jembamba la kuzuia oksijeni. Msomaji asilipuuze tabaka hilo, kwani katika mifumo ya zamani isiyokuwa nalo oksijeni ilipenya polepole kupitia plastiki, ikaozesha vyuma vya mfumo, na tope la kutu likaziba mizunguko.

Kabla ya saruji kumwagwa, mabomba yalijazwa maji na kuwekwa chini ya shinikizo, na shinikizo hilo likaachwa wakati wote wa kumwaga, ili kama toroli au koleo litatoboa bomba geji ionyeshe palepale. Mume wangu alipiga picha za kila mita ya sakafu akiwa ameweka futi juu ya mabomba. Picha hizo zimeshatuokoa mara moja: miezi minane baadaye, fundi wa milango alitaka kutoboa tundu la kizuizi cha mlango, nasi tukamwonyesha kwamba bomba limepita sentimita 3 kutoka alama aliyoichora kwa penseli.

Kisha ikaja kazi ya kusubiri, na hapa ndipo wengi wanapokula hasara. Tabaka la saruji ya kawaida linatakiwa likae siku 21 kabla ya kupashwa moto kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo maji ya nyuzi 25 yanapitishwa kwa siku 3, kisha joto la juu kabisa lililokusudiwa linashikiliwa kwa siku 4. Fundi wa vigae alitaka kuanza kazi mara baada ya hapo, kwa kuwa sakafu ilionekana nyeupe na kavu kama mfupa. Tulimwomba apime kwanza. Alichimbua kipande cha saruji kutoka chini karibu na bodi za povu, akakiponda kwenye kinu cha chuma, akatia unga wake pamoja na kabidi na marisawa ya chuma ndani ya chupa nzito, akaifunga na kuitikisa, nasi sote tukainama kutazama sindano ya geji ikipanda. Unyevu wowote uliobaki hugeuza kabidi kuwa gesi, na shinikizo la gesi hiyo ndilo linalosoma unyevu. Ilionyesha asilimia 2.3, wakati mpaka unaokubalika ni asilimia 1.8. Tukarudia kupasha na kupoza, tukafungua madirisha kila siku, na baada ya wiki mbili ikasoma 1.7. Bila ya chupa ile tungekuwa na vigae vinavyobanduka.

Matokeo ya sebule ni mazuri, kwa sharti kwamba mtu ayaelewe. Saruji nzito huchukua saa kadhaa kupata moto na saa kadhaa kuuachia, kwa hiyo hakuna maana ya kuizima usiku na kuiwasha asubuhi kama tulivyokuwa tukifanya na radieta. Tunaiacha iende mchana na usiku kwa joto lilelile, na pampu hubadilisha joto la maji yenyewe kwa kusoma baridi ya nje. Siku ya Machi yenye jua kali la ghafla chumba hupata joto kupita kiasi kwa muda, kwa sababu joto lililomo sakafuni haliwezi kurudishwa.

Majira ya baridi ya kwanza mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Alipoingia alivua viatu mlangoni kama kawaida, akakanyaga vigae kwa tahadhari ya mtu anayetarajia baridi, kisha akasimama kimya kidogo, akainama akakishika kigae kwa kiganja. Tangu siku hiyo alfajiri hakutafuta tena soksi. Alitandika mswala juu ya kigae na kusali akiwa amekaa kwenye uvuguvugu. Ni mama huyohuyo aliyegundua kosa letu. Tulikuwa tumetandika katikati ya sebule zulia zito la sufu, na chumba kilikuwa hakifiki nyuzi 20 wiki nzima. Akaingiza mkono chini ya zulia, akautoa, akasema, "Mwanangu, mmewasha moto chini halafu mmeufunika blanketi."

Alisema kweli, na hesabu inamuunga mkono. Kanuni inaruhusu tandiko la sakafu liwe na ukinzani wa joto, yaani kiasi linachozuia joto lisipite, usiozidi 0.15 m²K/W, na hata katika mpaka huo, ili wati 58 zipenye, saruji iliyo chini lazima iwe na joto zaidi kwa karibu nyuzi 9 kuliko sakafu isiyofunikwa. Zulia letu pamoja na mpira wake wa chini lilikuwa limeuvuka mpaka huo. Tuliliondoa, tukatandika mkeka wa ukindu aliokuja nao mama mwenyewe, mwembamba, ambao joto huupita bila shida, na jioni zile za kwanza chumba kizima kilinukia ukindu kama chumba cha kina bibi. Kwa sisi tunaokula, kusali na kuzungumza tukiwa tumekaa chini, nasema bila kusita kwamba hakuna njia ya kupasha nyumba inayolingana na hii. Ila tandiko lichaguliwe wakati wa kupiga hesabu, lisije likaletwa baadaye kama pambo.

Jikoni na chumba cha kulia hali ilikuwa nyingine kabisa. Sehemu hiyo ya mwaka 1978 tayari ilikuwa na tabaka zima la saruji lenye unene wa sentimita 6, milango ilikuwa katika kimo chake, na hatukutaka kubomoa kitu kizima. Kwa mahali kama hapo ipo mbinu ya kuchimba mifereji: mashine yenye diski za almasi, iliyounganishwa na mashine kubwa ya kufyonza vumbi, hukata ndani ya saruji ile ile mifereji yenye kina pungufu kidogo ya upana wa kidole gumba, na mabomba ya milimita 14 yanasukumwa humo kwa mguu tu. Eneo la mita za mraba 26, kwa nafasi ya sentimita 12.5, lilimeza zaidi ya mita 200 za bomba katika mizunguko mitatu, na uchimbaji wenyewe ulimalizika kwa siku moja. Sakafu haikupanda hata kwa upana wa kucha. Kwa kuwa bomba liko karibu sana na kigae, chumba huitikia haraka kuliko sebule, jambo linalofaa jikoni penye madirisha makubwa ya upande wa kusini na penye jiko linalowashwa mara tatu kwa siku.

Mbinu hii ina mapungufu mawili, na la kwanza ni la hatari. Katika nyumba za miaka hiyo vigae vya plastiki na gundi nyeusi iliyovishika mara nyingi vilikuwa na asbesto, ambayo Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1993. Kukata sakafu kama hiyo kwa diski ni kurusha sumu ya mapafu katika nyumba nzima, hata ukifyonza vumbi. Fundi mmoja aliyekuja kutoa bei alituambia tusipoteze fedha kwa vipimo. Tulipeleka sampuli maabara kwa hiari yetu: jiko na chumba cha kulia vikatoka salama, lakini gundi ya korido ikakutwa na asbesto. Korido ikafungwa kwa nailoni hadi kampuni yenye leseni ilipokuja kuiondoa gundi ile, na kazi ikachelewa wiki tano. Gharama ya kipimo ilikuwa ndogo kuliko ya chakula cha wageni wa siku moja. Yeyote atakayekukataza kupima, mwonyeshe mlango.

Pungufu la pili halionekani kwa macho: kinga ya joto iliyo chini ya saruji inabaki ileile iliyowekwa na mjenzi wa mwanzo. Kwetu ni sentimita 3 za povu la mwaka 1978 juu ya zege lililokaa kwenye ardhi, kwa hiyo sehemu ya joto tunalolilipia hushuka chini. Tungekuwa na nyumba isiyo na kinga yoyote chini, nisingechimba mifereji; ningebomoa. Pia saruji ichunguzwe kwanza kwa kugongwa na kukwaruzwa, maana iliyochoka hubomoka ukingoni mwa mfereji.

Vyumba vya juu viko juu ya boriti za mbao za mwaka 1934, na hapo uzito ndio ulioamua. Mfumo mkavu hutumia bodi za povu zenye mifereji tayari, ndani yake hulazwa sahani nyembamba za alumini zinazolikumbatia bomba na kulisambaza joto pembeni, na juu yake hufungwa bodi za jipsamu zilizochanganywa na nyuzinyuzi. Vyote pamoja havizidi sana kilo 30 kwa mita ya mraba, chini ya robo ya uzito wa saruji ya sebuleni. Hakuna maji ya kukausha, hakuna siku 21. Tulilaza mabomba Jumatatu, na Ijumaa ya wiki hiyo sakafu ya mbao ilikuwa inafungwa. Chumba hupata joto katika muda usiozidi saa moja. Kinachotakiwa ni sakafu iliyonyooka, kwa hiyo kazi iliyotuchukua muda ilikuwa ya kusawazisha kwa chembechembe za kujazia, kwa kuwa mbao za zamani zilikuwa zimelala upande mmoja kwa sentimita 2.

Kasoro yake ni kwamba bodi za jipsamu hazivumilii maji ya moto mno, zikipashwa kwa muda mrefu kupita nyuzi 50 hivi hupoteza uimara wake, na kwamba joto hupita kwa shida zaidi kuliko katika saruji iliyolishikilia bomba pande zote. Kuna chumba kimoja ambamo sahani za alumini zilikuwa zikitoa mlio mdogo wa tik, tik, kila maji yalipobadilika joto, kwa sababu zilikuwa zimelazwa zikigusana ncha kwa ncha na hazikuwa na nafasi ya kutanuka. Mafundi walirudi kulirekebisha eneo la mlangoni. Kwingineko mlio ulipungua tulipoacha kubadilisha joto usiku. Na kwa bei, vifaa vya mfumo mkavu vilikuwa ghali kuliko vyote kwa kila mita ya mraba, uchimbaji wa mifereji ukawa nafuu kuliko vyote, na saruji mpya ikakaa katikati, lakini tu kama huhesabu ubomoaji na uzoaji wa kifusi, ambavyo kwetu vililingana karibu na gharama ya mfumo wenyewe.

Bafu la juu lilitufundisha kwamba sakafu ina mwisho wake. Lina mita za mraba 5, tunalitaka liwe na nyuzi 24, na hupoteza wati 600. Hata tungeifikisha sakafu nyuzi 33, ingetoa wati 100 tu kwa mita ya mraba, na chini ya beseni la kuogea hakulazwi bomba. Tuliongeza mabomba ndani ya lipu ya ukuta mmoja, na sasa taulo zinazoning'inia ukutani hapo hukauka zenyewe.

Jambo ambalo laiti ningelielewa mapema ni uhusiano wa mbinu hizi tatu zinapokunywa kutoka chungu kimoja. Pampu hutoa maji ya joto moja, na joto hilo huamuliwa na chumba chenye shida kuliko vyote. Katika mchoro wa kwanza vyumba vya juu vilipangiwa nafasi ya sentimita 20, na vingehitaji maji ya nyuzi 42, wakati sebule ilitosheka na 34. Kwa ajili ya vyumba viwili vya kulala, nyumba nzima ingepashwa kwa maji yenye joto la ziada la nyuzi 8, na kila nyuzi moja ya ziada huiongezea pampu matumizi ya umeme kwa takriban asilimia 2 hadi 2.5. Mhandisi akabana nafasi za juu hadi sentimita 12.5, na gharama ya mabomba yaliyoongezeka ilikuwa kitu kidogo mbele ya umeme wa miaka 20. Sasa nyumba nzima huenda kwa nyuzi 35 katika baridi kali, na chini ya 30 katika siku za kawaida. Mita zetu mbili, ya umeme na ya joto, zinaonyesha kwamba kwa kila uniti moja ya umeme tunapata karibu uniti nne za joto.

Usawazishaji wa mizunguko nao usiachwe nusu. Kwenye kisanduku cha kugawia maji kila mzunguko una kioo kidogo chenye alama nyekundu inayoonyesha lita zinazopita kwa dakika. Mzunguko mmoja wa sebule unapaswa kutoa wati 700, na kama maji yanarudi yakiwa yamepoa kwa nyuzi 5, hesabu inadai lita 2 kwa dakika. Tulikuta vioo vyote vimefunguliwa hadi mwisho, ishara kwamba aliyekabidhi kazi hakusawazisha chochote. Maji yalikuwa yakikimbilia mizunguko mifupi na kuiacha mirefu ikiwa baridi. Tulimrudisha fundi na orodha ya mahesabu mkononi. Sheria ya hapa inataka kila chumba kiwe na kidhibiti chake, na tunavyo, lakini karibu vyote vimeachwa wazi, kwa kuwa nyumba iliyosawazishwa vizuri haihitaji kufungwafungwa.

Kuhusu ruzuku, aliyeko Ujerumani ajue kwamba serikali, kupitia benki ya KfW, hurudisha asilimia 30 ya gharama ya pampu ya joto, na kwa mwenye nyumba anayeondoa boila ya mafuta inayofanya kazi bado huongezwa asilimia 20, katika gharama isiyozidi euro 30,000 kwa nyumba ya familia moja. Kazi ya sakafu inayoambatana na pampu inaweza kuingizwa humo. Sisi tulikaribia kuikosa kwa sababu tulitaka kufanya sakafu mwaka mmoja na pampu mwaka unaofuata. Mshauri wa nishati ndiye aliyetuzuia. Masharti yabadilikapo, maombi huangaliwa kwa tarehe yake, kwa hiyo isomwe kanuni ya siku ile unayotuma maombi.

Ningeulizwa leo nichague mbinu moja kwa mtu nisiyeijua nyumba yake, ningekataa. Kwa nyumba mpya, au sakafu ambayo lazima ibomolewe, saruji yenye kinga nene chini yake haina mpinzani. Kwa saruji nzima yenye kinga chini na maabara imeipitisha, chimba mifereji. Kwa boriti za mbao, lipa bei ya mfumo mkavu na ubane nafasi za mabomba.

Chumba cha wageni cha juu tulikiacha na radieta yake ya zamani ili kuokoa fedha, na hilo lilikuwa kosa letu wenyewe. Radieta hiyo imepimwa kutoa wati 1,800, lakini kwa maji yanayozidi hewa ya chumba kwa wastani wa nyuzi 50. Kwa maji yetu ya nyuzi 35 hutoa takriban sehemu ya sita ya kiwango hicho, yaani wati 300 hivi, na chumba hakivuki nyuzi 16. Mama alilala humo usiku mbili, kisha akahamia sebuleni kwenye mkeka na hakutaka kurudi. Bodi za mfumo mkavu za mita za mraba 12 zimeshafika na zimeegeshwa kwenye korido, nafasi ni sentimita 12.5, na kazi itaanza Septemba, kabla hajarudi mwezi Desemba.